Wavu wa Maji Mafu

Wakala wa kazi za ng'ambo hakukubali kukaa. Alisimama katikati ya chumba akizungusha funguo za gari kidoleni, akatazama kitanda, akatazama jiko la mafuta na ndoo za maji zilizopangwa ukutani, mwisho akamtazama binti kana kwamba naye alikuwa chombo cha humo ndani.

"Lete mikono," alisema.

Binti akainyoosha. Wakala akaigeuza viganja juu kama mtu anayechagua viazi sokoni, akabonyeza sugu zilizojipanga chini ya vidole.

"Hizi za nini?"

"Za kasia," mama mtu akadakia. "Anaendesha kayaki pale klabu."

"Nzuri sana. Kule wanapenda mikono iliyozoea kazi. Siyo hawa wanaokuja na kucha ndefu, siku mbili tu wanalia wanataka mama zao." Akacheka peke yake. "Gari litapita Jumatatu alfajiri. Nguo kidogo tu, kule watampa sare. Pasi ya kusafiria ninayo mimi, asihangaike nayo."

"Na akitaka kurudi?"

"Ala! Mama, hajaenda bado, wewe umeshaanza kumrudisha?"

Akaondoka na kicheko chake. Chumba kikabaki na harufu ya manukato yake. Baba mtu alikuwa kizingitini, kidevu kimezama kifuani. Mtaani walimwita Nahodha, kwa kumtania, tangu mtumbwi wake ulipooza na kugeuzwa kuni. Yeye ndiye aliyempeleka binti kwa wakala, na tangu siku hiyo hakuweza kumtazama mkewe usoni.

"Jumapili ipo kabla ya Jumatatu," mama alisema hatimaye. "Mwanangu, ukishinda Jumapili, huyo mtu gari lake ataligeuzia hapo nje."

"Nitashinda, mama."

"Utashinda," Nahodha aliitikia haraka mno, kama mtu aliyeumwa na siafu. "We nenda hori la pili tu. Nyuma ya ule mti ulioanguka. Usipoteze muda kwingine."

Mama alimtupia jicho, lakini hakuuliza. Maji yakikufika shingoni, maswali mengine unayaacha yapite.

*

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mkono wa bahari uliopita nyuma ya mtaa ule, ambao zamani ulilisha watu, ulikuwa umekufa. Mikoko ilikatwa, tope likajaa plastiki, samaki wakahama bila kuaga. Ndipo ikaja klabu ya kayaki. Wageni walilipa kuingia majini, wakapiga makasia hadi ndani ya mahori, yale matawi membamba ya mkono ule, wakaokota taka, wakapanda mikoko, wakarudi wamechafuka na wamefurahi. Nahodha alipoiona mara ya kwanza alicheka hadi akashika mbavu: "Jamani! Watu wazima na akili zao wanalipa ili waokote takataka!" Lakini kicheko kiliisha alipoona samaki wadogo wameanza kurudi kwenye mizizi. Siku ile alisimama tope la magoti akiwatazama hadi jua likamchoma utosi.

Mkewe ndiye aliyeotesha miche. Kitalu chake kilikuwa ukingoni mwa hori, pale ambapo maji makubwa tu ndiyo hufika. Hakutumia mifuko ya plastiki, maana ingekuwa kichekesho. Alishona vifuko kwa nguo kuukuu, mashati, mashuka, hata suruali ya mumewe iliyokwisha magoti. Mizizi ilitoboa vitambaa na kushika tope chini. Ndiyo maana wakamwita Mama Miche, na majirani aliowaita kumsaidia nao walikuwa wakingoja siku ya miche kuchukuliwa ili walipwe, kila mmoja na shida yake mkononi.

Sasa mkuu wa klabu, mama mmoja mwenye miwani ya jua na sauti nzuri, alikuwa ametangaza mashindano. Atakayeingia majini na kayaki akarudi na taka zenye uzito kuliko wengine wote, huyo atakuwa kiongozi wa misafara. Ajira ya kudumu. Alitamka kwa kipaza sauti, mbele ya watu, na watu wakapiga makofi. Binti hakupiga makofi. Alishika mkono wa mama yake akaubana hadi ukauma.

*

Jumapili asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, Mama Miche alishuka kitaluni na kopo lake la chai. Alitaka kuipitia miche mara ya mwisho kabla wageni hawajaichukua kesho yake. Alipopita kichaka cha mwisho, kopo lilimponyoka.

Kitalu hakikuonekana. Juu yake palikuwa pamelala wavu mkubwa wa kuvulia, umevimba kwa chupa, ndala, mifuko, vipande vya magodoro, na tope limeukandika wote. Maji makubwa ya usiku yalikuwa yameuleta na kuutandaza pale, kisha yakaondoka zake. Huku na huku majani ya miche yalichungulia kwenye matundu, yamepinda shingo.

"Mungu wangu," alisema. "Mungu wangu, nimekukosea nini?"

Alipiga magoti akaanza kufumua. Kidole hiki kinainua uzi, kile kinatoa jani. Aliwalaani watu wa mjini wanaotupa taka, akawalaani wavuvi wasioheshimu kitu, na alikuwa bado anawalaani alipokuta pale wavu ulipowahi kuchanika ukashonwa. Ulishonwa kwa uzi wa rangi ya chungwa. Siyo uzi wa nyavu. Ulikuwa uzi wa kufumia vitambaa vya meza, na fundo lake lilikuwa la mara mbili, la mkono wa kushoto.

Mama Miche alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Na ule uzi aliukumbuka, ulibaki kwenye kitambaa ambacho hakukimaliza, akaushonea wavu wa mumewe. Aliketi kwenye tope na mkono wake mdomoni.

*

Nahodha alimkuta hapo. Alikuja na kisu na kipande cha mkate kwenye mfuko, akaona wavu, akasimama.

"Umefikaje huku?" alinong'ona.

"Uulize wewe. Ni mwenzio, mlilala nyumba moja."

"Mke wangu..."

"Usiniite mke wangu! Sema."

Akasema. Kwa majuma kadhaa alikuwa akikusanya taka kwenye mtaro mkubwa wa mjini, akazijaza kwenye wavu wake wa zamani, akauficha hori la pili nyuma ya mti ulioanguka. Binti angefika, angeufungua, angejaza kayaki na kuuburuta uliobaki. Nani angejua? Taka ni taka.

"Ulitoa taka mjini ukazitia baharini," mkewe alisema polepole, "ili mwanao apewe kazi ya kuzitoa baharini."

"Ningefanyaje? Yule mtoto wa karani wa bandari ana kayaki mpya, nyepesi kama unyoya. Wetu anapewa ile iliyozibwa gundi. Ningekaa nimtazame?"

"Na uliufunga vipi? Wewe, mtu wa nyavu tangu una meno ya utoto!"

Hapo ndipo Nahodha alipoinamisha kichwa kweli. Udanganyifu alikuwa tayari kuutetea. Hili lingine halikuwa na utetezi. "Mashindano yalikuwa yawe Jumapili iliyopita. Maji mafu, hayapandi. Nikafunga kamba fupi, kwa maji mafu. Halafu wakaahirisha, eti ndege ya wafadhili imechelewa. Bamvua likaingia, maji makubwa. Nilisema nitakwenda kuongeza kamba... kwenda kwa miguu mchana, watu wangeniona. Nikasema itashika tu."

"Itashika tu."

"Nilisema hivyo."

Mama Miche alitamani kumpiga. Alitamani pia kumshika kichwa, maana alijua kuwa mwanamume yule alikuwa amebeba taka za mji mzima mgongoni, ule mgongo wake mbovu, bila kumwambia mtu. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alimnyang'anya kisu.

"Acha wavu hapo hapo," Nahodha alisema, matumaini yakimrudia ghafla. "Maji yakijaa mchana utakuwa majini. Nitamwambia aje auchukue huku. Ni uzito ule ule!"

"Avute? Mizizi imeshika chini, wavu umeshika mashina. Ukivuta huo, unang'oa kila kitu. Hapa hakivutwi kitu, umenisikia? Nenda ukamwambie mtoto asiende hori la pili. Hakuna kitu kule. Aende popote atakapo, aokote kama wenzake."

Akaenda mbio. Baadaye alisimulia yaliyompata, na alisimulia mara moja tu. Mlinzi wa klabu alimwekea mkono kifuani. "Mzee, familia upande wa kamba." Akasema ni neno moja tu. "Mzee, nimesema kamba." Akaita jina la mwanawe, lakini muziki ulikuwa umefunguliwa mpaka mwisho, na watu waliokuwa jirani wakamcheka kwa kuwa alipiga kelele na mate yakamtoka. Kijana mmoja akamwambia, "Nahodha, nanga imekatika?" Filimbi ikalia, kayaki zikaondoka, na binti akaongoza njia moja kwa moja kuelekea hori la pili.

*

Mama alikata uzi mmoja mmoja. Kila tundu la wavu lilikuwa na mche wake, na kila mche ulitaka kubembelezwa. Jua lilipanda, mgongo ukawaka moto, na sehemu iliyokuwa huru ilizidi kukua, lakini wavu ulikuwa mkubwa na maji hayakumsubiri. Yalikuja kimyakimya kwanza, yakalowesha nguo, yakafika kiunoni. Sasa ilibidi apapase kwa mikono asiyoiona.

Alisikia kasia kabla ya kuona kitu. Binti alitokea kwenye kona, uso umevimba kwa kulia, na kayaki yake ilikuwa na chupa chache tu na ndala moja.

"Hakuna kitu, mama! Nimezunguka ule mti mpaka nimechoka. Baba alisema kuna taka, hakuna kitu! Mtoto wa karani amejaza, amerudi kumwaga, ameshatoka tena!"

"Muda gani umebaki?"

"Filimbi ya mwisho wakati wowote." Ndipo alipoona mama yake amesimama wapi, na nini kimemzunguka. "Mama, hiyo nini? Yote hiyo ni taka?"

Maji yalikuwa yamemfika Mama Miche kifuani na mkono mmoja ulikuwa bado umeshika shina chini, jembamba, hai. Alimtazama mwanawe. Aliona wakala anageuza viganja. Alisikia "pasi ninayo mimi." Jirani mmoja alikuwa na binti aliyekwenda kule kule. Simu zake zilianza kuwa fupi, kisha zikawa za kunong'ona, kisha hazikuja tena, na mama yake hadi leo hulala na simu chini ya mto. Mfa maji haachi kutapatapa, na anayetapatapa hachagui anachoshika.

"Funga kamba," alisema.

"Lakini mama, miche si iko chini?"

"Funga kamba nimekwambia!"

Binti alifunga. Akashika kasia, akalizamisha, kisha akalitoa. "Mama, nitaing'oa."

"Vuta."

"Mama..."

"Vuta, mwanangu! Nimesema vuta! Hii ni miche, wewe nimekuzaa!"

Binti akavuta. Wavu ulikataa kwanza, kayaki ikarudi nyuma, kamba ikamkata kiganja. Mama akaingiza bega chini ya wavu akasukuma kwa nguvu zake zote, na hapo akaanza kuisikia mizizi ikikatika, moja baada ya nyingine, kupitia maji, hadi kwenye mifupa yake. Maji yakawa meusi. Vifuko vya nguo vikapanda juu na kuelea: shati la jirani, shuka, ile suruali ya Nahodha. Wavu ukaachia, ukafuata kayaki, na mama akabaki amesimama katikati ya majani yake akipiga kelele, "Nenda! Nenda! Usitazame nyuma!"

*

Alishinda. Uzito ulipimwa mara mbili kwa sababu karani wa bandari alilalamika, na mara ya pili akashinda vilevile. Watu walimbeba juu. Nahodha alilia wazi, hakujali nani anacheka. Mkuu wa klabu alimvisha binti medali shingoni na kumpa fulana mpya, na mpiga picha akamwita Mama Miche asogee. "Mama, tabasamu kidogo. Siku ya furaha hii." Akatabasamu, maji ya tope yakimchuruzika.

"Na miche yetu iko tayari?" mkuu wa klabu aliuliza akiwa bado ameelekea kamera. "Wageni hawa kesho wanaanza kupanda. Wamekuja kwa ajili hiyo."

Mama Miche aligeukia maji. Hakukuwa na haja ya kusema. Maji yalikuwa yameanza kupwa, na vifuko vya nguo vilikuwa vikipita mbele ya gati, taratibu, vimebeba majani yake. Mgeni mmoja alivionyesha kwa kidole, akauliza ni nini kile.

Walikwenda kutazama. Mkuu wa klabu alisimama ukingoni muda mrefu bila miwani yake. Alikuwa mtu mwema, tusimzulie. Macho yake yalijaa machozi. "Bahari haina adabu," alisema. "Pole, mama. Pole sana. Kazi yote ile." Akazungumza na wageni pembeni, wakatikisa vichwa, wakatazama simu zao, wakatazama tena kitalu. Kisha akarudi akamwekea binti mkono begani.

"Nafasi yako ni yako, hiyo usiwe na wasiwasi. Nimetamka mbele ya watu. Ila misafara ni ya kupanda, na cha kupanda hakipo, na mbegu za mikoko hazidondoki mpaka msimu ujao. Wageni nao wanahamia kwingine. Kwa hiyo tutaanza msimu ujao. Sawa?"

"Msimu ujao," binti alirudia.

"Mwaka si mrefu! Wewe bado mdogo."

Majirani walikuwa wamesimama nyuma, wale walioshona na kumwagilia pamoja naye. Hakuna aliyelaumu. Mmoja wao aliokota kifuko kimoja, akakitazama mshono wake mwenyewe, akakiweka chini.

*

Nyumbani walikaa bila kula. Nahodha alianza mara nyingi na hakumaliza. Hatimaye akasema, "Nitakwenda kumwambia mkuu. Wavu ni wangu. Mimi ndiye niliyeua."

"Ukimwambia, hata huo msimu ujao hautakuwepo," mkewe alijibu. "Na wavu ulilala tu. Asubuhi yote nilikuwa nautoa na miche ilikuwa hai. Mimi ndiye niliyesema vuta."

"Mimi ndiye niliyevuta," binti alisema kutoka kitandani.

Mama alikwenda akalala nyuma ya mwanawe kama alivyokuwa akilala naye alipokuwa mchanga, akamshika kile kiganja kilichokatwa na kamba, na wala hakuna aliyesema usiende. Wakala alikuwa ameshalipia tikiti, pasi ilikuwa kwake, na ndani ya nyumba hakukuwa na kitu cha kumrudishia hata gharama ya picha.

Alfajiri gari lilipiga honi mara moja tu. Wakala hakushuka. Binti alipoingia alimshika mkono, akaugeuza, akaona kidonda kibichi.

"Na hii?"

"Ya kamba," mama mtu alisema dirishani.

"Itapona njiani."

Binti alivua medali akampa mama yake. Gari likaondoka. Mama Miche alikimbia nalo hatua chache kama kichaa, mkono juu ya bati la gari, mpaka likamshinda. Akabaki katikati ya barabara na ile medali. Waliokuwa wakifungua maduka walijifanya hawakumwona.

Aliporudi, Nahodha hayumo ndani. Alijua alipo. Akashuka hadi ukingoni, maji yalikuwa yamekupwa tena, akamkuta kwenye tope kwa magoti na mgongo wake mbovu. Alikuwa akikusanya miche iliyotapakaa, mmoja mmoja, akiichomeka ardhini na kuisimamisha kwa vijiti. Mingine ilisimama, mingine ililala palepale. Alikuwa ameshapanga mstari mrefu. Uso wake ulikuwa mweusi kwa tope, isipokuwa njia mbili za machozi.

"Hii itashika tu," alisema bila kumtazama. "Eti mama? Ukiiwahi mapema hivi, itashika?"

Mama Miche alijua kwamba mche wa mkoko ukikatika mzizi haushiki. Alijua hivyo kuliko alivyolijua jina lake. Akavaa medali shingoni ili mikono yote miwili iwe huru, akapiga magoti kando ya mumewe, akaokota mche, akampa.